Haibridi inachemsha au inapoteza kulanti baada ya kujaza: anza na upepo, kisha tafuta inakopotelea

Malalamiko ya kulanti (maji ya kupozea injini) kwenye haibridi, yaani gari yenye injini na mota ya umeme, yanafanana sana. Mtu kabadilisha kulanti, au kafungua mpira mmoja tu akarudishia, kajaza mpaka mstari wa FULL, gari ikawaka vizuri kabisa, akaondoka nayo, kilomita kadhaa mbele taa nyekundu ya joto hiyo hapo. Au hita inatoa baridi. Au kila Jumatatu chupa imeshuka na kila Jumatatu anaongeza. Nimeyapanga hapa kwa dalili, na kwenye kila dalili nimeanza na sababu inayotokea mara nyingi nikaenda kwenye ile ya nadra, ukague vya bure kabla hujanunua pampu.

Ila kwanza uelewe kwa nini hii kazi kwenye haibridi inawashinda hata watu waliozoea magari mengine. Gari ya kawaida unaiacha inanguruma mfuniko uko wazi dakika 20, injini inapata moto, thamostati (vali inayoruhusu kulanti kwenda kwenye rejeta) inafunguka, upepo, yaani hewa iliyonaswa ndani ya mfumo, unatoka wenyewe, umemaliza. Haibridi inawaka kidogo, kompyuta inaona betri ina chaji na injini imepata joto la kutosha, inazima. Thamostati nyingi zinaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, kwa hiyo injini imezima na rejeta bado ya baridi, yaani nusu ya mfumo haijaonja kulanti mpya, na wewe unaona chupa imetulia unasema imejaa. Pili, nyingi hazina pampu ya maji ya mkanda. Prius iliyotoka 2009 na Aqua zina pampu ya umeme, kasi yake anaamua kompyuta, kwa hiyo kukanyaga mafuta ukitegemea upepo usukumwe haisaidii kama ulivyozoea. Tatu, na hii ndo inaharibu magari ya watu: mifumo ni miwili. Kuna kulanti ya injini na kuna kulanti ya inveta (kifaa kinachobadili umeme wa betri uendeshe mota), kila mmoja na chupa yake na pampu yake, na kwenye boneti zinaweza kukaa karibu karibu. Soma maandishi ya mfuniko. Fuata mpira unaotoka kwenye chupa uone unaenda wapi. Usikisie.

Kabla hujagusa kitu

Zima gari kabisa, taa ya READY (inayoonyesha gari iko tayari kuondoka) iwe imezimika, ufunguo uupeleke mbali na gari, ndani ya nyumba kabisa. Haibridi ikiwa READY iko kimya kama imezimwa, lakini injini inaweza kuwaka muda wowote na feni ikazunguka mkono wako uko pale. Subiri ipoe masaa kadhaa, siyo dakika kumi. Mfumo una presha, na ule mchanganyiko ukiwa chini ya mfuniko haujachemka hata ukipita nyuzi 120, ukifungua tu unachemka palepale na kukurukia usoni. Nyaya za rangi ya chungwa usiziguse, usizisogeze, usiegemeze spana. Na kulanti uliyomwaga iwekwe kwenye chombo chenye mfuniko siku hiyohiyo, ni tamu, mtoto au mbwa akiilamba ni sumu inayoua figo.

Kama ni Prius ya kizazi cha pili, ya 2003 mpaka 2009, ujue masoko kadhaa zilikuja na tangi kama chupa ya chai linalohifadhi kulanti ya moto, lita 3 hivi, na inaweza kubaki moto mpaka siku tatu. Gari imelala, rejeta ya baridi, unafungua plagi ya tangi yanatoka maji ya kuunguza. Chomoa soketi ya pampu ya tangi kabla ya kumwaga na ujikinge.

Dalili ya 1: taa nyekundu ya joto inawaka baada ya kujaza

Sababu ya kwanza, na ni karibu kila mara kama kazi imefanyika wiki hiyohiyo, ni upepo. Kulanti ikipita kwenye pampu ikiwa na mapovu pampu inazunguka bure haisukumi kitu. Kwenye Toyota utakuta skana (kifaa cha kusoma hitilafu kwenye kompyuta ya gari) inasoma kodi ya hitilafu P148F, maana yake pampu ya injini inazunguka kasi kuliko inavyotakiwa, na watu wengi wakiiona wananunua pampu mpya halafu wanajaza vilevile walivyojaza mwanzo na kodi inarudi. Kama kodi imekuja mara tu baada ya kufungua mfumo, toa upepo kwanza ndo ufikirie pampu.

Hili lilinikuta mimi. Gereji moja walinibadilishia kulanti, wakajaza, wakawasha, injini ikanguruma dakika moja na nusu ikazima, fundi akafunga mfuniko akaniambia tayari. Nilienda kama kilomita 15, taa ikawaka. Nilisimama, nikasubiri mpaka ikapoa kabisa, nikafungua chupa, ilikuwa imekauka. Ilimeza karibu lita moja na nusu kwenye mfumo uliodhaniwa umejaa. Ilikuwa bahati nilisimama mara moja, maana hedi (kichwa cha injini) ya aluminiamu haikusubiri ufike nyumbani.

Cha kukagua kwa mikono mitupu, bila spana: gari ikiwa imepoa, angalia chupa. Kama gari yako ina mfuniko wa rejeta pembeni na chupa ya akiba, fungua rejeta yenyewe, chupa inaweza kuwa imejaa na rejeta tupu. Halafu bonyeza mpira wa juu wa rejeta kwa vidole vyote vinne, uachie, ubonyeze tena. Mpira uliojaa ni mzito, unarudi taratibu. Wenye upepo ni mwepesi, unasikia kama unabonyeza chupa tupu ya plastiki, na kwa ndani unasikia maji yanacheza. Ukibonyeza na kuachia mara ishirini hivi utaona mapovu yanapanda kwenye chupa na kiwango kinashuka mbele ya macho yako.

Kama mapovu yanaisha na taa bado, inayofuata ni feni. Gari ikiwa ya moto na AC imewashwa feni lazima izunguke. Haizunguki, angalia fyuzi, rilei, soketi. Baada ya hapo thamostati iliyoganda imefungwa: injini ya moto, mpira wa juu wa moto, wa chini baridi kabisa. Ila angalia usichanganye, upepo nao unaleta dalili hiyohiyo, ndo maana tumeanza nao. Kisha pampu yenyewe imekufa, fundi mwenye skana anaweza kuiamrisha izunguke na kusoma mizunguko yake. Mwisho kabisa hedi gasketi, kile kizibo cha kati ya hedi na bloku ya injini, ambayo iko chini kwenye dalili yake.

Simama na zima gari kama taa nyekundu imewaka barabarani. Siyo kupunguza mwendo, kusimama. Na usimwagie maji baridi injini inayochemsha.

Namna ya kujaza na kutoa upepo ikatoka kweli

Gari iwe mahali tambarare, au pua iwe juu kidogo. Tumia kulanti ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kwa Toyota nyingi ni ile ya pinki inayodumu muda mrefu, inauzwa ikiwa imeshachanganywa nusu kwa nusu, usiongeze maji. Kama umenunua ya kuchanganya mwenyewe, maji yawe ya distili, ya bomba yana chumvi zinazoganda kwenye vijia vyembamba.

Jaza polepole. Ukimwaga kwa fujo unaingiza mapovu mwenyewe. Kama kuna plagi ya kutolea upepo, kwa juu ya injini au kwenye rejeta, ifungue, chomekea kimpira cha plastiki angavu kirudi kwenye chupa, endelea kujaza mpaka itoke kulanti tupu isiyo na mapovu. Bonyeza mipira ya juu na ya chini kwa mkono, jaza tena. Hapa watu wana haraka, lakini ukitumia dakika kumi na tano kubonyeza mipira unaokoa nusu ya kazi inayofuata.

Halafu uilazimishe injini isizime. Kwenye Prius ya kizazi cha pili na cha tatu kuna hali ya matengenezo: breki ya mkono juu, weka vizuizi kwenye tairi, AC imezimwa. Bonyeza swichi ya pawa mara mbili bila kukanyaga breki. Gia ikiwa P kanyaga mafuta mpaka chini mara mbili. Kanyaga breki, weka N, mafuta mpaka chini mara mbili. Rudisha P, mafuta mara mbili tena. Hayo yote ndani ya sekunde 60. Kwenye skrini itatokea MAINTENANCE MODE kwa kizazi cha tatu, au alama ya onyo itawaka na kuzima kwa kizazi cha pili, hapo kanyaga breki, bonyeza pawa, injini itawaka na kubaki kwenye mizunguko 1,000 hivi bila kuzima. Usiendeshe gari ikiwa kwenye hali hiyo, ukimaliza zima kabisa iwake upya kawaida. Gari nyingine zina njia yake, angalia ya modeli yako.

Hita weka kwenye joto la mwisho, kipuliza kiwe cha chini, ili kulanti ipite na huko. Acha inguruma, wewe uko pale na chupa mkononi unaongeza kinaposhuka, mpaka mambo matatu yatimie: hita inatoa moto, mpira wa chini wa rejeta umepata moto, na feni imezunguka na kuzima yenyewe walau mara mbili. Wakati huo uwe na kifaa cha kusoma joto kwa simu kinachochomekwa kwenye soketi ya OBD (ya kusomea kompyuta ya gari), maana gari hizi nyingi hazina geji, zina taa tu, na taa inawaka mambo yameshaharibika. Kawaida utaona inacheza 85 mpaka 95. Ikipita 105 na bado inapanda, zima.

Iache ipoe kabisa, ikibidi usiku mzima, fungua, ongeza mpaka mstari. Rudia kuangalia asubuhi mbili tatu zinazofuata.

Ukipata mashine ya kuvuta vakyumu inayotumia kompresa, itumie. Inanyonya upepo wote kwanza halafu kulanti inavutwa kujaza nafasi, na ukiiacha dakika chache bila mshale kushuka umejua pia kwamba hakuna panapovuja. Kwa haibridi yenye kipoza cha EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini) na kile kifaa cha kurudisha joto la moshi, kona za kujifichia upepo ni nyingi, na mimi naona hii mashine ndo njia ya uhakika zaidi.

Dalili ya 2: hita ya baridi, au maji yanasikika nyuma ya dashibodi

Ile sauti kama mtu anamimina maji kwenye jagi ukianza kuondoka asubuhi, ni upepo kwenye rejeta ndogo ya hita. Kiwango kimeshuka au hakikutolewa upepo vizuri. Rudia hapo juu, hita ikiwa kwenye moto wa mwisho. Kama hita ina moto ukiwa kwenye mwendo na inapoa ukisimama kwenye foleni, kwa zile zenye kipampu kidogo cha umeme cha hita, kikague hicho. Kama mpira mmoja wa hita ni wa moto na mwingine baridi na upepo umeshaisha, rejeta ya hita imeziba.

Sauti ikiisha baada ya kujaza halafu ikarudi baada ya wiki mbili, upepo unaingia upya kutoka mahali. Nenda dalili inayofuata.

Dalili ya 3: kiwango kinashuka kila baada ya siku chache

Siku mbili tatu za kwanza baada ya kujaza, kushuka kidogo ni kawaida, mapovu ya mwisho yanatoka. Baada ya hapo mfumo ni wa kufunga, kulanti haipungui yenyewe. Kama unaongeza, kuna inapokwenda, na kuongeza kila wiki ni kuahirisha tu.

Bandika kipande cha selotepu kwenye chupa, chora mstari asubuhi gari ikiwa baridi, andika tarehe na kilomita. Kipime hivyohivyo kila asubuhi, maana kulanti ya moto inapanda na kukudanganya.

Kwa mpangilio: klipu ya mpira uliofunguliwa juzi haijakaa mahali pake, plagi ya kumwagia ya rejeta haijakaza au orings yake imechoka, mfuniko wa presha umechoka raba, wota pampu inalia chini yake na kuacha michirizi ya pinki iliyokauka kama chumvi, rejeta yenye ufa kwenye maungio ya plastiki. Weka katoni safi chini ya gari ilale nayo. Ndani ya gari, kama zulia la abiria lina unyevu na kioo kinapata ukungu wa mafuta mafuta wenye harufu tamu, ni rejeta ya hita.

Hukuona kitu? Fundi aweke pampu ya kupima presha, aipandishe mpaka presha iliyoandikwa kwenye mfuniko, nyingi ni kama kPa 108, aiache usiku mzima. Mshale ukishuka na nje ni kukavu, inaingia ndani ya injini.

Dalili ya 4: gari inatetemeka sekunde chache asubuhi, na kulanti inapungua

Hii niwaombe msiipuuze. Gari inawaka asubuhi inagonga na kutikisika kama imekosa silinda moja, sekunde kumi na tano inatulia, siku nzima iko safi. Watu wanabadilisha plagi, koili, wanasafisha nozeli. Kama wakati huohuo chupa inashuka na nje hakuvuji, kulanti inapenya kwenye silinda usiku mfumo ukiwa bado na presha, na asubuhi hiyo silinda inamisi mpaka ikauke.

Mara nyingi ni hedi gasketi. Kwenye Prius ya kizazi cha tatu mafundi wanaozifungua wanakuta kipoza cha EGR kimeziba masizi, na wengi wao wanaamini joto linalopanda kwa sababu hiyo ndo linachangia kuunguza gasketi, kwa hiyo ukibadilisha gasketi bila kusafisha EGR umeacha kazi nusu.

Vipimo: toa plagi zote nne uzilinganishe, ile iliyooshwa nyeupe safi kuliko wenzake ndo silinda yenye maji. Kamera ndogo kwenye tundu la plagi, pistoni moja inang'aa nyingine nyeusi. Kile kipimo cha kimiminika cha bluu kinachowekwa juu ya chupa, kikigeuka njano kuna moshi wa injini kwenye kulanti, ila gasketi ikianza kuvuja kidogo kinaweza kubaki bluu, kirudie injini ikiwa ya moto. Oili ikiwa rangi ya maziwa, usiwashe tena kabisa. Kazi ya hedi siyo ya kujifunzia uani, na dawa za kuziba za kumimina zinaziba vijia vya kipoza cha EGR na hita kabla hazijafika kwenye ufa.

Dalili ya 5: chupa inafurika au mapovu hayaishi

Umejaza kupita kiasi, toa mpaka mstari. Mfuniko umechoka, weka mpya wa presha ileile. Ikiwa umetoa upepo mara mbili kwa utaratibu na bado mapovu yanakuja bila kukoma kila injini inapowaka, na mpira wa juu unakuwa mgumu kama jiwe dakika moja tu baada ya kuwasha injini baridi, hiyo ni presha ya silinda. Acha kujaza, rudi dalili ya 4.

Dalili ya 6: kulanti ya kahawia au kama uji

Imechanganywa aina mbili, au imejazwa maji ya bomba muda mrefu. Mwaga, osha kwa maji ya distili mpaka yatoke meupe, jaza upya. Ikiwa juu ina utando wa mafuta, usioshe kwanza, tafuta mafuta yametoka wapi.

Dalili ya 7: pembetatu nyekundu, gari imepungua nguvu, injini haina joto

Hapo huenda ni upande wa inveta. Kodi inayokuja kwenye Toyota ni P0A93. Watu wanaangalia chupa ya injini, imejaa, wanachanganyikiwa, kumbe ni ile nyingine.

Anza na kiwango cha chupa ya inveta. Halafu weka gari READY, gia P, breki ya mkono, mikono mbali na feni, fungua mfuniko wa chupa ya inveta na uangalie ndani kwa tochi. Kulanti inatakiwa kucheza, unaona inavurugika kama sufuria inayokaribia kuchemka. Ikiwa imetulia kama kioo, pampu haisukumi, ni upepo au imekufa. Kwenye Prius ya kizazi cha pili hii pampu ni udhaifu unaojulikana, Toyota waliziita gari zirudi kurekebishwa kwa ajili yake mwaka 2012, kwa hiyo kabla hujanunua uliza kama yako iliwahi kubadilishwa. Baada ya pampu angalia fyuzi yake, kisha upepo, ambao unatolewa kwa kuacha pampu izunguke na plagi ndogo ya upepo ikifunguliwa kidogo mpaka mapovu yaishe.

Mpaka hapo unaweza kufanya mwenyewe. Ikifika kufungua mfuniko wa inveta, au kulanti imevuja juu ya inveta au karibu na soketi za nyaya za chungwa, acha. Ndani kuna volti zinazofika 500 kwenye kizazi cha pili na 650 kwenye cha tatu, na hata fundi mwenye glavu za volti 1,000 akishachomoa plagi ya usalama ya betri anasubiri dakika kumi umeme uishe kwenye kapasita kabla ya kugusa. Gari ibebwe kwenye flatibedi, magurudumu ya mbele yasiburuzwe chini, maana yakizunguka mota nazo zinazunguka na kuzalisha umeme. Mpe fundi ile selotepu na tarehe zake, kodi ulizosoma, na aina ya kulanti iliyomo, asianze kubahatisha upya.